Nilivyopunguziwa Mistari Mia Mbili na Ishirini

Ninyi vijana mnaonunua na kuuza kompyuta kuukuu hapa Migori, nawapita kila asubuhi nikienda kuchukua gazeti, na nawasikia mkivutana bei. Mnavutana vizuri. Mtu anageuka kuondoka mara tatu na bado yuko palepale. Hapo sina la kuwafundisha. Lakini kuna swali moja hamliulizi, na kwa kuwa mimi niliwahi kutoliuliza mbele ya mji mzima, nivumilieni kidogo.

Juzi mmoja wenu alinisimamisha. Alikuwa amenunua kadi ya video, ile inayochomekwa ndani ya kompyuta ili picha itoke. Aliinunua kwa ajili ya kompyuta ya zamani ya shule moja huko Uriri, na akaichagua kwa sababu ina tundu la kupeleka picha kwenye televisheni, maana shule ina televisheni na haina kioo cha kompyuta. Kompyuta nzima, televisheni nzima, kadi nzima. Picha ikatoka haina rangi, inapanda juu, inashuka, inapanda tena, kama mtu anayetafuta kitu chumbani.

"Mzee, aliyeniuzia aliniapia inafanya kazi."

"Wapi?"

"Wapi nini?"

"Inafanya kazi wapi?"

Akanitazama kana kwamba nimemuuliza kabila la kadi. Nikavaa miwani, nikageuza boksi. Kwa herufi ndogo kabisa, chini ya picha ya ndege ya kivita, palikuwa na herufi nne: NTSC. Huo ni mpango wa picha wa Marekani na wenzake. Televisheni ile ya shule ni ya mpango wa PAL, tuliopokea sisi huku. Kwa hiyo hakudanganywa. Kadi inafanya kazi vizuri sana, huko Marekani.

Haya. Sasa niwaeleze nilivyolijua swali hilo, maana sikuzaliwa nalo.

Miaka ya sitini, Uhuru ukiwa bado unanukia rangi mbichi, nilikuwa mnunuzi wa Bwana Khalfan. Bwana Khalfan alikuwa Mswahili wa Mombasa, mwenye duka la redio hapa Migori, kwenye barabara ya kwenda Isebania. Kazi yake ilikuwa kuuza. Kazi yangu ilikuwa kwenda mahali watu wanapohama, hasa Wazungu waliokuwa wakifunga mashamba yao huko Sotik, nikanunue redio, santuri, pasi, na chochote chenye waya. Mzungu anayehama ana haraka, na mimi sikuwa na haraka hata kidogo. Hiyo ndiyo elimu yote ya ununuzi. Mengine ni maelezo.

Lakini maelezo nayo yana faida. Redio ya zamani unaibeba kwanza, hata kabla ya kuitazama. Ikiwa nyepesi kuliko sura yake, mtu ameshafungua na kutoa kitu. Unainusa kwa nyuma. Transfoma iliyoungua ina harufu ya sukari guru iliyoshika sufuria. Unahesabu valvu, zile chupa ndogo za kioo ndani yake. Unahesabu skrubu, kwa sababu skrubu ikikosekana ujue kuna fundi aliyepita na hakuelewa alichokiona. Kisha unahesabu tena. Mimi nilihesabu kila kitu mara mbili, mpaka watu wa sokoni wakasema hata vidole vyangu nahakikisha kabla ya kulala.

Na bado nilipigwa. Mara ya kwanza ilikuwa redio ya mmisionari Mmarekani. Valvu tano, nikahesabu, tano tena. Skrubu kamili. Nzito kama mtoto aliyeshiba. Nikaileta, tukaichomeka kwenye umeme wa kinu cha pamba kwa rafiki yetu mmoja. Ikaimba nusu ya wimbo wa dini, ikatoa moshi, ikanyamaza.

Bwana Khalfan hakunifokea. Alivua kofia yake, akaitazama ndani kama aliyedondosha kitu humo.

"Odero, mwanangu, ulihesabu nini?"

"Kila kitu, Bwana."

"Volti je?"

"Volti hazionekani."

"Ahaa. Basi siku nyingine anza na zisizoonekana."

Kumbe redio za Marekani zilikula volti mia na kumi, na huku tuna mia mbili na arobaini. Tuliilisha kama bwana harusi, ikapasuka tumbo. Tangu siku hiyo nikaapa: kila kitu cha waya, nitauliza habari zake zisizoonekana. Kumbukeni kiapo hicho, kwa sababu ndicho kilichoniangusha. Mtu asiyejua kitu anaangukia karibu. Mtu aliyejua nusu anaangukia mbali.

Sasa akaja Mheshimiwa.

Mheshimiwa huyu alikuwa diwani wa upande wa Homa Bay, mtu mnene, mcheshi, mwenye suti moja ya kijivu aliyoivaa jua na mvua. Alikuwa amekwenda Nairobi na ujumbe fulani, na huko mtu wa televisheni akamsimamisha mbele ya kamera akamuuliza habari za barabara ya kutoka Homa Bay kuja Migori. Alizungumza dakika mbili. Aliporudi nyumbani zilikuwa zimeshakuwa ishirini, na alikuwa amempigia meza waziri. Kura zilikuwa karibu. Mpinzani wake alikuwa akipita akisema Mheshimiwa hakwenda Nairobi kabisa, alilala kwa shemeji yake Kisumu.

Kwa hiyo Mheshimiwa alikuja dukani kwa Bwana Khalfan, akakalia kiti cha wateja na kiti cha pili cha wateja.

"Khalfan, nitaonyeshwa Ijumaa ya wiki kesho, saa kumi na mbili jioni. Nataka watu wangu wanione kwa macho. Nitafutie televisheni. Nikionekana, baraza la mji litainunua, na ile plot ya duka unayoitaka pale soko la Homa Bay, mimi mwenyewe nitaitetea kwenye kamati."

"Na usipoonekana?"

"Kwa nini nisionekane? Mimi ni mdogo?"

Akaondoka. Bwana Khalfan akaniita nyuma ya kaunta. Tawi la Homa Bay alikuwa amelitamani miaka mitatu, na mimi nilikuwa nimelitamani miaka mitatu na siku moja, kwa sababu aliwahi kusema likifunguliwa ataweka mtu wa huku, anayejua Dholuo.

"Mheshimiwa akionekana vizuri, Odero, duka la Homa Bay utalishika wewe. Asipoonekana, utarudi kwenu Uriri ukalime karanga, na mimi nitamleta mpwa wangu. Sikutishi. Nakupangia tu."

Hapo basi mnajua kilichokuwa mezani.

Nilikwenda Sotik. Memsahib mmoja, mjane, alikuwa akiuza vitu vyote vya nyumba kabla ya kurudi kwao Uingereza. Alikuwa mtu wa haki, niseme mapema, ili msije mkamlaumu. Sebuleni palikuwa na televisheni inayocheza, na mtu ndani yake akisoma habari, safi kabisa, hata ungeweza kuhesabu vifungo vya shati lake. Nilivihesabu.

Akataja bei. Nikashika kifua.

"Memsahib, mbona ghali hivi?"

"Hii mzuri sana," akasema kwa kile Kiswahili chao cha shambani. "Hii nunua Nairobi. Iko mistari mia sita ishirini na tano."

Nikafurahi moyoni. Kumbe ndiyo habari isiyoonekana! Mistari! Nikainama karibu na kioo, na kweli, ukitazama kwa karibu picha yote ni mistari myembamba iliyolala, mmoja chini ya mwenzake. Nilianza kuihesabu. Nilipofika arobaini na kitu yule msoma habari akatikisa kichwa, nikapotea. Lakini sasa nilikuwa na kitu cha kushika, na mnunuzi akipata cha kushika hawezi kuacha kukivuta.

"Memsahib, mia sita ishirini na tano ni mingi mno. Watu wangu ni wageni wa mambo haya. Hawajawahi kuona hata mmoja. Punguza."

"Punguza bei?"

"Punguza mistari, na bei ishuke nayo."

Alinitazama, akaitazama televisheni. Kisha akacheka mpaka akatafuta leso. Mimi nilitabasamu kwa heshima. Muuzaji akicheka, bei inalainika.

"Mia nne na tano iko," akasema akijifuta macho. "Iko stoo. Mimi leta kutoka London na meli. Lakini hapana nunua hii. Hapana fanya kazi Kenya. London tu."

Sasa nisikilizeni, kwa sababu hapa ndipo penye kosa lenyewe, na ni kosa la mtu wa soko peke yake. Mkulima asingelifanya, wala mwalimu. Miaka yangu yote sokoni sikuwahi, hata mara moja, kumsikia muuzaji akisema vibaya mali yake mwenyewe. Samaki wa juzi anaitwa wa asubuhi. Mbuzi kiwete anaitwa mpole. Kwa hiyo nilipomsikia mwenye mali akisema mali yake haifai, nilijua mara moja: ameshamwahidi mtu mwingine. Anaificha. Nikaipenda zaidi.

"Nionyeshe hiyohiyo," nikasema.

Ilikuwa nzito, yenye kabati la mbao linalong'aa kama jeneza la tajiri. Ilikuwa na valvu nyingi kuliko kitu chochote nilichowahi kukishika. Nilizihesabu mara mbili na nikapata idadi mbili, nikachukua ile kubwa. Tukaichomeka. Kioo kikawaka cheupe, vitone vitupu, kama mvua ya mawe usiku. Sauti, mvumo wa nyuki.

"Unaona? Hapana fanya kazi," akasema memsahib.

"Inakosa antena," nikamfariji.

Tulivutana robo saa. Yeye akivuta ili nisinunue, mimi nikivuta ili anipunguzie. Katika maisha yangu sijaona tena mauziano ya namna hiyo. Mwisho alichoka, akaniachia kwa bei ya redio, akanitupia pasi ya umeme na kitambaa cha meza kama nyongeza. Nikatoka pale nikiwa nimempunguzia memsahib mistari mia mbili na ishirini. Nilipiga hesabu hiyo njia nzima hadi Migori, na kila nilipoipiga nilijiona nimekuwa mtu.

Bwana Khalfan aliipapasa mbao, akaridhika. "Ulihesabu?"

"Mara mbili. Na zisizoonekana niliuliza."

"Hukosi kitu, mwanangu."

Migori hapakuwa na picha ya kupokea, kwa hiyo hatukuweza kuijaribu. Mnajua sasa kwa nini nawaambia msinunue kitu mahali na kukijaribu mahali pengine. Mnaona mnavyotikisa vichwa? Mimi pia nilikuwa natikisa.

Ijumaa ikafika. Homa Bay, kama mnavyoijua, ina kile kilima chake kilichosimama peke yake kama chungu kilichopinduliwa, Got Asego. Tuliweka televisheni kwenye darasa la shule moja iliyo mteremkoni, antena juu ya mlingoti wa mianzi, na umeme kutoka jenereta tuliyoazima kwenye mashine ya kusaga unga. Kuweka antena kulichukua saa moja. Kupanga viti kulichukua tatu, kwa sababu palikuwa na kamati. Kamati ilijadili nani akae karibu na Mheshimiwa aliye kwenye kiti na nani akae karibu na Mheshimiwa atakayekuwa kwenye kioo. Baadhi ya wazee waliokosa nafasi mbele walipangwa nyuma ya televisheni, mpaka katibu akauliza kama watakachoona huko si mgongo wa Mheshimiwa. Ilionekana si heshima, wakahamishwa dirishani.

Mlangoni alikaa Mama Atieno, mchuuzi wa samaki kutoka kisiwa cha Takawiri. Alikuwa amevuka asubuhi na boti ya samaki. Hakuja kwa ajili ya Mheshimiwa. Alitumwa na akina mama wa kisiwani kuchagua redio za betri, kumi kwa mpigo, na alitaka kwanza kuona mali ya duka letu inavyofanya kazi. Bwana Khalfan alimpa kiti chake mwenyewe. Mteja wa redio kumi hasimami.

Saa kumi na mbili. Nikaondoa kitambaa cha memsahib. Makofi. Nikawasha. Mvua ya mawe. Nikazungusha swichi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mvua ikawa michirizi, michirizi ikawa pundamilia amelala.

"Ni Mheshimiwa huyo?" sauti ikauliza dirishani.

"Ngojeni! Anakuja, yuko njiani!" akasema Mheshimiwa mwenyewe.

Nikazungusha ile swichi ndogo ya nyuma mpaka mwisho wake, ikagoma, nikailazimisha kidogo. Na ghafla picha ikasimama.

Kwanza niseme nilichokiona, kisha niwaeleze sababu. Alikuwa Mheshimiwa, hapakuwa na shaka. Suti ni ile. Lakini walikuwa Mheshimiwa mmoja na nusu. Mmoja mzima katikati, na nusu nyingine imempanda begani, zikipumua pamoja. Na sauti hapakuwa, ila wale nyuki. Hayo yote watu wangeyasamehe. Kilichoua ni rangi. Uso wake ulikuwa mweupe kama unga wa mahindi. Meno meusi. Suti ya kijivu ndiyo pekee iliyobaki kama ilivyo.

Watu wa nyuma walipanda juu ya viti waone vizuri.

"Yawa!" akalia mwanamke mmoja. "Amekuwa odiero! Mheshimiwa amekuwa Mzungu!"

"Nilisema mimi!" akadakia mtu wa mpinzani wake. "Wakifika Nairobi wanageuka!"

"Na nusu nyingine ni ya nani?"

"Hiyo ya pili ndiyo ya kula posho!"

Mheshimiwa alisimama, akaelekeza kidole kwenye kioo, kisha kwenye kifua chake. "Huyo si mimi! Yaani ni mimi, lakini si hivyo! Nitazameni hapa! Mimi ni mweusi!" Nawaambieni, si rahisi kumwona mtu mzima mwenye suti akiwaapia jirani zake kwamba ni mweusi. Kwenye kioo alikuwa akiendelea kufungua yale meno meusi, akiitetea barabara yetu bila sauti.

Dakika mbili zikaisha. Akaja mtu mwingine, mweupe naye, mmoja na nusu naye.

Mkono ukanishika kiwiko. Bwana Khalfan, akinong'ona kwa midomo iliyofungwa: "Sema ukungu. Ukungu wa ziwa. Huingia katika picha. Sema upesi."

Ulikuwa uongo mzuri. Homa Bay iko mdomoni mwa ziwa, ukungu kila mtu anaujua, na ukungu hauwezi kuja kujitetea. Nikafungua kinywa, nikasema, "Ndugu zangu, hii ni shida ya ukungu wa ziwa." Mheshimiwa akaudaka kama mtu anayezama anavyodaka kamba. "Ndiyo! Ukungu! Semeni ukweli, mwaona ukungu!" Kamati ikatikisa vichwa kukubali. Watu wakaanza kutulia. Nikaliona duka la Homa Bay, mlango wake, rafu zake, mimi nyuma ya kaunta.

Ndipo Mama Atieno akasema kutoka mlangoni, taratibu, bila hata kusimama.

"Odero wuod Uriri, mwana wa Uriri, nikuulize kitu."

"Uliza, mama."

"Ukungu unageuza mtu mweusi kuwa mweupe?"

"Kwenye televisheni, mama."

"Sisi Takawiri tunaamka ndani ya ukungu. Tunapika ndani yake. Tungekuwa wazungu zamani." Darasa likapasuka kwa kicheko. Akangoja kipoe. "Haya, tuache hiyo. Hizi redio kumi unataka kuniuzia, nazo zitasumbuliwa na ukungu? Kama ndivyo, niambie nirudi na boti, maana kwetu hatuna kingine."

Nikapiga hesabu. Nikisema redio haziguswi na ukungu, uongo wangu umekufa. Nikisema zinaguswa, nimeua biashara ya visiwa vyote. Nikarudia hesabu, kama kawaida yangu, ikatoka vilevile. Bwana Khalfan naye alikuwa ameimaliza. Niliona mkono wake ukiniachia kiwiko, kidole kimoja kimoja. Akageuka kutazama dirisha. Kilichobaki kilikuwa changu peke yangu.

"Mama," nikasema, "si ukungu. Ni mimi."

"Wewe ulifanya nini?"

"Nilipunguziwa mistari."

"Mistari gani tena?"

Basi nikawaeleza, nikiwa nimesimama mbele ya ule mvumo. Kwamba picha hutumwa kwa mistari, na kila nchi imechagua idadi yake. Kwamba huku kwetu hutumwa mia sita ishirini na tano, na chombo hiki kiliumbwa kupokea mia nne na tano ya London. Kwamba kule London hata nguvu ya mwanga hutumwa kinyume na huku, ndiyo maana cheusi kilitoka cheupe. Hilo nilielezwa baadaye na fundi, siku ile nilisema tu "na rangi nazo zilipinduka". Kwamba mwenye mali alinikataza, nikamwona mjanja.

"Kwa hiyo wewe ndiye ulimwomba apunguze?" Mama Atieno alikuwa ameshasimama sasa.

"Ndiyo, mama."

"Mingapi?"

"Mia mbili na ishirini."

"Na hiyo mia mbili na ishirini uliiacha wapi?"

"Kwa memsahib, Sotik."

"Yawa, nyathina, mwanangu! Nusu ya diwani wetu iko Sotik!"

Sijawahi kuchekwa namna ile kabla wala baada. Watu walishikana. Mtu wa mpinzani alichutama chini. Mheshimiwa peke yake hakucheka. Alikuwa akinitazama kwa makini.

"Odero," akasema, "rudia hiyo ya rangi. Kwa sauti."

"Mheshimiwa ni mweusi," nikasema kwa sauti. "Kosa ni la televisheni, na la televisheni ni langu."

"Mmesikia? Mmesikia wote? Na nilikuwa Nairobi? Mliniona nikiwa Nairobi?"

"Tulikuona!" watu wakajibu wakiwa bado wanacheka. "Mmoja na nusu!"

Akaketi, akakunjua mabega. Siasa ni kazi ya ajabu. Mtu yule alikuwa amekuja kutafuta sifa, akapata cheti cha kuwa mweusi na cha kuwa alisafiri, na akaenda nyumbani ameridhika.

Mimi sikuridhika. Nilizima jenereta, nikakunja waya, nikiwaza karanga. Bwana Khalfan alikuja watu walipokwisha kutawanyika, akakaa juu ya dawati la darasa la kwanza, magoti yakimfika kidevuni.

"Yule mama anachukua redio zote kumi," akasema. "Lakini amesema wewe ndiwe utakayemuuzia, si mimi, maana aliniona nikikunong'oneza, na mimi ndiye mtu wa ukungu. Na Mheshimiwa amesema plot ataitetea."

"Basi mpwa wako atapata duka zuri, Bwana."

"Mpwa wangu?" Akaivua kofia, akatazama ndani. "Mpwa wangu akija hapa, nitalala Migori nikijiuliza leo amemdanganya nani. Wewe mji mzima unajua ulivyojidanganya mwenyewe. Huwezi kumdanganya mtu Homa Bay hata ukitaka. Watacheka kabla hujamaliza. Chukua duka. Na hilo jeneza liondoe mbele yangu."

Nilishika duka lile miaka mingi. Redio niliuza hadi nikachoka kuzibeba. Televisheni za mistari yetu nazo zilikuja, nzima, nzuri, nikaziweka mbele. Kila mteja akinyoosha mkono kuigusa, nilimweleza yote: mistari, volti, antena, inafanya kazi wapi na haifanyi wapi, kama ninavyowaeleza ninyi sasa. Alisikiliza mpaka mwisho, akanishukuru kwa ukweli wangu, akanunua redio.